Chupa ya Kloridi ya Alumini

Kambi ya Dzaleka, Jumapili

Papa yangu mpenzi,

Nakusalimu sana, wewe na Mama. Magoti yanaendeleaje na baridi hii? Maji ya ziwa yaliyoingia nyumbani yalisharudi nyuma, ama mungali mnalala kwa shangazi? Sisi tunapumua, Mungu asifiwe. Lakini habari yangu si nzuri, na wewe uliyefundisha kemia maisha yako yote njo utaielewa kuliko wengine.

Unajua nilipata kazi ya kufagia maabara kwenye chuo kimoja Lilongwe, bila kibali, maana sisi wakimbizi haturuhusiwi kufanya kazi mjini. Siku moja mhadhiri aliacha mchoro ubaoni: propeni na kloridi ya asetili. Asetili aliibandika kimakosa kwenye kaboni ya katikati. Nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia kwamba kloridi ya alumini inang'oa klorini, asetili inabaki na chaji chanya, na propeni inaikamata kwa kaboni ya pembeni, ili chaji ihamie katikati, ambako inatulia zaidi. Alinitazama, mimi na ufagio wangu. Tangu hapo nikawa namtayarishia majaribio yote. Papa, nilijisikia mtu tena.

Mwezi uliopita alinipa chupa kuukuu ya kloridi ya alumini. Nikamwambia, "Hii imeingiwa na unyevu. Gesi imejaa ndani."

Akasema, "Wanafunzi wako mlangoni. Fungua."

Nilifungua. Mfuniko uliruka, unga ukanipiga machoni na kuanza kuwaka kwenye machozi yenyewe.

Aliniosha kwa maji mengi, sitamnyima hilo. Lakini njiani kwenda hospitali alisema, "Ukisema ulikuwa chuoni, polisi watakuuliza kibali." Basi nikamwambia daktari nilimwagikiwa na dawa ya choo nyumbani. Akanitibu kwa uongo huo. Jicho la kushoto limekufa. La kulia linatofautisha mlango na ukuta, basi. Haya ninayosema, mke wangu Furaha njo anayaandika.

Juzi mhadhiri alikuja hapa kambini na mfuko wa unga wa mahindi. Aliniomba nisimtaje kwa mtu yeyote.

Furaha akamwambia, "Bwana yangu haone tena, we unamuletea unga? Rudia nayo!"

Posho ilishapunguzwa, na tangu asubuhi batoto walikuwa wamekunywa chai tupu. Nikasema mfuko ubaki. Furaha alisonga nsima, ugali wa huku, tukala wote.

Mama umwambie polepole, akishakula. Utusalimie shangazi aliyewapokea, dada yangu mkubwa na bwana yake, na pasta aliyetufungisha ndoa. Mwambie atuombee.

Jina la mhadhiri, Papa, utaona sikulitaja hata kwako.

Mimi mwanao,
Amani