Alama ya Kidole Chako Ndani ya Kadi

Kaka yangu Muganyizi,

Nimeolewa! Najua ulikuwepo kwa namna yako, maana kabla ya kwenda kanisani nilipita kwenye migomba nyuma ya nyumba yetu Kimwani, nikaweka ua moja la harusi juu ya kaburi lako, na nilipogeuka shela langu likanasa kwenye jani kavu kana kwamba mtu ananivuta nisiondoke. Lakini acha nikwambie mwenyewe. Anaitwa Deo. Anarekodi video za harusi hapa Bukoba, macho yake hucheka kabla ya mdomo, na ananiita "mke wangu" hata anapoomba chumvi tu. Hii ni wiki ya sita, na bado nikiandika "mume wangu" natabasamu peke yangu kama mjinga.

Tumepanga mtaa wa Bakoba, karibu na kile chumba chako. Kompyuta yako imekuja nami. Mama alisema, "Ichukue, mwanangu, angekupa mwenyewe."

Hapo ndipo hofu ilipoingia nyumbani kwetu. Deo alitaka kuitumia kutengeneza video ya harusi yetu, kwa sababu ya ile kadi ya kuchakata picha iliyo ndani yake, ile ndefu yenye feni tatu, uliyoibeba kutoka stendi umeikumbatia kama mtoto mchanga. Mara ya kwanza kompyuta ilizima katikati ya kazi. Mara ya pili ikazima tena. Mara ya tatu nilikaa karibu nikaona inazima wapi: pale ninapoinama kuweka ua juu ya kaburi lako. Pale pale, kila mara.

"Deo, ni kaka," nilimwambia. "Hataki."

"Mke wangu, kaka yako alikuwa fundi. Fundi hazimi mashine bila sababu. Tupime kwanza."

Utanicheka, lakini hakuwa ameisikia ile feni ya kushoto kama nilivyoisikia mimi. Kabla ya kuzunguka hukwaruza mara mbili, kh-kh, sawasawa na ulivyokuwa ukisafisha koo kabla ya kuniita. Siku ya kwanza nilikuwa jikoni nikaitika kwa sauti, "Waitu!", kama ulivyonifundisha kuwaitikia wakubwa. Deo alichungulia mlangoni aone nimemwitikia nani.

Unazikumbuka Jumamosi zetu, nilipokuwa kidato cha pili nikiishi kwako? Unafungua ubavu wa kompyuta, unaisogeza dirishani upepo wa ziwa uipige, kisha unapandisha kasi ya kadi kidogo kidogo, kupita ile iliyotoka nayo kiwandani. Mimi nasoma joto na kuandika nyuma ya daftari la Jiografia. "Sabini na mbili. Sabini na tano. Kaka, themanini, acha!" Nawe unacheka: "Nisipoipandisha nitajuaje mwisho wake?"

Deo hana haraka kama wewe. Aliiacha kwenye kasi ya kawaida, akaibebesha kazi nzito, kisha akaniita nisome. Themanini na sita.

"Huo ni wastani," alisema. "Sasa soma namba ya chini yake, ya mahali penye joto kuliko pote."

Mia moja na nane.

"Hapo ndipo panapoizima. Inavumilia dakika kumi, ya kumi na moja inashindwa, na kwenye video yetu dakika ya kumi na moja ni kaburi. Wastani unadanganya, Koku. Ukiitazama unaona ina joto kidogo tu, kumbe ndani kuna mahali panaungua."

Hakujua amesema nini. Nilitoka nje nikashika nguzo ya kibaraza. "Homa kidogo tu, Koku. Usimwambie Mama," uliniambia kwenye simu, nikiwa likizo kwa shangazi kule Kanazi, nikichuma kahawa. Nami nikakutania, nikakata simu, sikumwambia. Siku ya tatu aliyepiga hakuwa wewe. Alikuwa jirani yako. Miaka minne nimeishi na kimya changu kile, na hata kwenye kiti cha bibi harusi nilikaa nacho.

Kesho yake mchana Deo aliifungua kadi. Kati ya chipu na kipozeo cha shaba hupakwa pasta maalumu ili joto lipite, na yako ilikuwa imekauka na kupasuka kama matope ya kiangazi. Skrubu moja ilikuwa imelegea, hivyo upande mmoja kipozeo hakikukandamiza. Na upande huo, kaka, ndani ya pasta palikuwa na alama ya kidole chako gumba. Mistari yote ipo. Kovu lipo, lile la pale nilipokukata kwa kisu tukigombania kumenya ndizi, nikiwa na miaka saba, nawe ukamwambia Mama umejikata mwenyewe.

Kadi ilikuwa ikiungua pale pale ulipoigusa.

Deo aliweka bisibisi chini. "Ikibaki, video haitaisha. Sema wewe, mke wangu. Ukisema tufunge, nafunga."

Mama alikuwa akiisubiri video ile. Nilikitazama kidole chako mpaka macho yakaona ukungu. Kisha nikachukua pamba yenye spiriti, nikakifuta mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemnawisha mgonjwa. Deo akanipa pasta mpya na kijiti chake. Kijiti nikakiweka kando.

"Si kwa kidole jamani!"

"Kwetu tunapaka hivi."

Akacheka, akaniacha nimalize, akakaza skrubu zote. Alipofika kwenye feni ya kushoto akauliza kama aitie mafuta, isikwaruze. Nikamwambia hiyo aiache.

Tulipopima tena, wastani ulikuwa sitini na saba, na pale penye joto kuliko pote, sabini na tisa. Ndipo Deo akaanza kupandisha kasi, megahezi ishirini ishirini juu ya ile ya kiwandani. Kwenye mia moja na sitini vidoti vya kijani vikaruka kioo kizima kama senene wa Novemba, tukapiga kelele kama watoto! Akarudi mia moja na ishirini, akaiacha saa mbili nzima. Haikutetereka. Mwisho wake ni hapo, kaka. Nimeuandika nyuma ya daftari lile lile.

Jumapili tulimpelekea Mama video. Ilipofika dakika ya kumi na moja, nilipojiona nainama, sikuweza kuficha tena.

"Mama, alinipigia. Aliniambia ana homa, nisikwambie."

Mama hakuondoa macho kwenye kioo. "Na mimi alinipigia. Alisema, 'Usimwambie Koku, atalia amwage kahawa ya shangazi.' Nami nikanyamaza." Akanishika mkono. "Mtoto mjinga yule." Alikuwa analia, alikuwa anacheka. Kumbe tulikuwa wawili.

Sasa kadi imepoa mno, kaka. Bila kazi nzito feni hazizunguki kabisa, na nyumba ina kimya ambacho sijakizoea. Kwa hiyo alasiri nyingine, Deo akiwa jikoni anamenya ndizi, naibebesha kazi, napandisha kasi hadi mia moja na ishirini, nakaa nasubiri ipate joto. Inakawia. Halafu, kh-kh.

"Waitu!"

"Nani huyo?" Deo anauliza kutoka jikoni.

"Ni kaka."

"Msalimie shemeji. Kisha shusha kasi, uje tule."

Basi unasalimiwa. Naishusha sasa. Pumzika hapo kwenye migomba, palipo na upepo.

Mdogo wako, yule wa kisu,
Koku