Kidole Juu ya Kabati

Chovai, Jumanne

Leo nusura nizikwe kwa sababu ya kidole. Pumu ilinibana baada ya alasiri, sauti ikakatika, nikanyoosha kidole kuonyesha dawa yangu ya kuvuta juu ya kabati.

Shangazi akapiga ukelele: "Atoa shahada ya mwisho!"

Majirani wakajaa chumbani, wakanisomea Yasini. Mmoja akafukiza udi. Udi, jamani!

Niliogopa kweli. Nikajikokota katikati ya vilio vyao, nikapanda kiti, nikaivuta dawa mpaka pumzi ikarudi. Imebaki kidogo mno, na mashua ya Kismayo sijui itakwenda lini...

Shangazi amenuna mpaka sasa. "Kumbe waweza kusimama," aliniambia, "na sisi tushamtuma mchu, mtu wa watu, akachimbe kaburi!"

Nikamwomba radhi.