Pikapu Iko Juu ya Mawe

Baba Hope,

Chai iko kwenye chupa, maandazi nimeyafunika. Usiende kuwasha pikapu! Haina magurudumu ya nyuma, nimeiegesha juu ya mawe.

Usifoke kwanza. Yale matairi ya mtumba uliyolinunulia tela jana, ukatutambia kashata zake, yale meno ya tairi, zimesimama kama za mapya! Asubuhi fundi Godwin kayajaza upepo, nyufa zikatokea ubavuni kote. Ule weusi wa kung'aa ni rangi ya viatu, umembakia mikononi. Akasema, "Mama, haya yakibeba mzigo yanapasuka mteremkoni." Na juu ya ndizi za sendofu ya Hope atapanda dada yako Penina, toka Akheri mpaka hapa! Nimpoteze wifi kwa ubahili wako?

Ya pikapu ni mapya, ya mzigo hasa, na saizi ni ile ile. Tumeyahamishia kwenye tela. Trekta la kulivuta linapiga honi kuniita, nacheka hata kalamu inaruka.

Kwenye kikao cha kamati nenda kwa miguu.

~~Nitayarudisha leo jioni.~~ Nitayarudisha Jumapili, wakwe wakishaondoka.

Majirani wakikuuliza, usijisumbue kueleza. Nimeshawapitia wote.

Mama wa bibi harusi