Maneno ya Kwenye Msalaba wa Mwalimu

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla fundi hajamwaga saruji ya msalaba wa marehemu mume wangu, Augustino, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza hapa Mapera, maana maneno huandikwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi na ikishakauka ndiyo basi, na mimi na shemeji yangu Egidi hatuelewani. Wanafunzi wake wa zamani waliochangia msalaba wameomba maneno yawe ya Kiingereza, somo lake, nami sina neno, ila Egidi anataka "good, humble, loving teacher", nikamwambia, shemeji, sifa hizo ziko kwenye msalaba wa mzee Xaveri, na yule hata mbuzi wake walikuwa wakimkimbia, akacheka, kisha akakasirika. Mimi nataka iandikwe kwamba ni mwalimu aliyemngoja mtoto wa mwisho, kwa sababu hakutoka darasani mpaka yule anayesoma kwa kusitasita amalize, na ugali wangu ulipoa sana kwa ajili ya watoto hao. Egidi anasema, "Shemeji, msalaba siyo gazeti, na kwenye Kiingereza sifa hukaa mbele, hukusoma wewe?" Ni kweli niliishia darasa la saba, lakini nakumbuka tulivyokuwa tukishuka kutoka shamba la kahawa, watoto wakikimbia mbele, mimi katikati, Augustino nyuma na debe kichwani, akasema, "Mama Hilda, nomino ni wewe. Sifa fupi ni hao wanaotangulia. Sifa ndefu, yenye kitenzi ndani, ndiyo mimi, nakufuata na mzigo." Nikamuuliza kwa nini Waingereza wasiweke sifa zote nyuma kama sisi, akasema nikifika kwao niwaulize. Sasa sina wa kumuuliza. Je, nakumbuka sawa, au nitamwaibisha mbele ya wanafunzi wake?

Restituta, Mapera

Pole sana, Restituta. Unakumbuka sawasawa. Kwenye Kiingereza sifa ya neno moja kwa kawaida hutangulia nomino, na ile yenye kitenzi chake hufuata, ikianza na "who" kama ni mtu. Kwa hiyo Egidi hajakosea, wala wewe. Mmemshika mwalimu mmoja, kila mtu upande wake, mnavutana.

Kosa lako ni jingine. Ulimtania mtu aliyefiwa. Wewe umepoteza mume, yeye ndugu, na maneno yale ameyaokota kwenye misalaba ya wengine kwa sababu hajui uchungu wake auweke wapi. Usimnyang'anye yote. Nenda kwake leo, umwombe achague moja tu, akueleze kwa nini hilo. Utasikia habari za Augustino usizozijua.

Neno lake likae mbele, lako lifuate, ligusane na "teacher". Msiingize jina la kijiji katikati, maana sifa hushika nomino iliyo jirani, na wasomaji watadhani aliyemngoja mtoto ni Mapera. Akichagua "humble", itakuwa hivi: "A humble teacher who waited for the last child." Hilo siyo gazeti, na msalaba utalibeba.

Siku ya saruji, mwachie Egidi msumari. Wewe simama nyuma yake umtajie herufi moja moja, na mkono wake ukisita, mngoje.