Saa Iliyokuwa Chini ya Bomba

Mpendwa mshauri, nakuomba unisome hadi mwisho, maana nyumbani kila nikilianza jambo hili nakatizwa katikati, na nimechoka, mwili umechoka na moyo umechoka. Mimi ni fundi bomba, umri umekwenda, magoti hayataki tena kupigwa, na ili nisichimbe uwanja mzima wa mtu nikitafuta bomba la chuma lililofukiwa na waliotutangulia, nilinunua mashine ya kugundua vyuma, ile unayoipitisha juu ya ardhi, ikilia ujue kuna kitu. Wenzangu wananicheka eti natafuta hazina, kumbe natafuta panapovuja.

Basi mama mkwe wangu akalalamika kwamba ukuta wa jiko unalowa, nikaenda na mashine yangu, ikalia kando ya jiko, nikachimba nikalikuta bomba, nikakata kipande kilichooza nikakitoa, na chini yake, nasema chini yake, mshauri, si juu wala si ubavuni, nikaona donge la udongo lenye mnyororo. Nyumbani nikafanya ujinga, nikalisugua kwa majivu na ndimu kama sufuria iliyoungua, ikatokea saa ya mfukoni, ya zamani, kioo kimepasuka, mishale imeganda. Nikaipeleka kwa fundi saa wa sokoni, naye kwanza akanigombeza, akasema ningeendelea kusugua ningefuta kila kitu, kisha akafungua mfuniko wa nyuma kwa ncha ya kisu, akaweka kile kioo chake cha kukuzia jichoni, akachungulia. Akanieleza kwamba saa zenye tarakimu kubwa namna ile walikuwa wakipewa madereva wa treni, na kwamba mafundi saa wana desturi, kila anayeitengeneza saa hukwaruza alama yake ndogo ndani ya mfuniko ili ikirudi aijue, na alama ile ilikuwa ya mwalimu wake.

"Saa hii naijua," akasema. "Nilikuwa bado najifunza kazi ilipoletwa. Hii ndiyo iliyomtoa mtu kwao."

Nilijua anachosema. Babu wa mke wangu alikuwa dereva wa treni, saa akamwachia mwanawe mkubwa, ambaye ni marehemu baba mkwe wangu, na jioni ilipoonekana haipo, baba mkwe alisema mdogo wake kaiiba, kwa kuwa siku ile walikuwa wawili tu, wakichimba mtaro wa bomba hilohilo. Alimtukana mbele ya majirani, akamfungia mlango, na kijana yule, leo ni mzee, hajakanyaga tena pale, hata siku ya kumzika kaka yake alisimama barabarani. Mtaa ulimbandika jina la Saa Ngapi, watoto wakimwona wanamwuliza saa ngapi, halafu wanakimbia. Lakini mimi kazi yangu naijua, kilicho chini ya bomba kiliingia mtaroni kabla ya bomba. Ilimponyoka baba mkwe mwenyewe mfukoni alipoinama, akalilaza bomba juu yake, akafukia kwa mikono yake. Hakuna mwizi.

Mke wangu anasema niirudishe shimoni nifukie, kwa kuwa mama yake ana presha. Mama mkwe nilimwonyesha, akaishika, akaijua, akanirudishia. "Mwanangu," akasema, "mume wangu hawezi kujibu tena. Unataka nimzike mara ya pili?" Nami ni mkwe tu, ya kwao ni ya kwao. Ila huyo Saa Ngapi ni mlinzi wa duka ninaponunua viungio vya bomba, na juzi alinifungulia geti, akaniuliza hali ya shemeji yake kama anavyouliza kila mara, saa yenyewe ikiwa mfukoni mwangu, nikamjibu hajambo, nikapita. Amekonda, anakohoa. Nifukie au niseme?

Fundi bomba aliyechoka

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole. Kukaa kati ya mke na mama yake ni kazi nzito kuliko kuchimba, na wewe magoti yameshakukataa. Pole umeipata, sasa tuelewane.

Nani alikutuma ukaombe ruhusa kwa mama mkwe? Ruhusa ya kusema kweli haiombwi kwa yule ambaye kweli yenyewe itamchoma. Na hilo la "mimi ni mkwe tu" lifukie wewe badala ya saa. Walipokuita uwakaushie ukuta hukuwa mkwe tu, ulikuwa mtu wa nyumbani.

Mama simlaumu, mjane analinda alichobakiziwa. Rudi kwake, safari hii si kuomba, ni kumweleza. Mwambie mumewe hakusema uongo. Alikosea, akafa hajui kwamba amekosea. Angejua, angemwacha mdogo wake asimame barabarani? Atalia, mwache alie, na dawa yake ya presha iwe karibu.

Shimo usilifukie bado. Waite majirani waliosikia yale matusi, walio hai, uwaonyeshe bomba lilipolala na saa ilipokuwa. Mtu aliyetukanwa uwanjani hasafishwi chumbani. La bomba useme wewe, maana ni wewe unayelijua.

Kwa mzee yule atangulie mkeo, yeye ndiye damu yake. Asianze kumtetea baba yake. Aseme tulikosea, ampe saa kwa mikono miwili, basi. Miaka yake haizoleki, hilo mlijue, na akiwafungia geti usoni ana haki, kesho mrudi.

Wala msingoje fundi saa aifufue. Itembee isitembee, ipelekeni wiki hii. Mtu anakohoa, wewe unazunguka na saa yake mfukoni na kuniandikia mimi.

Na lile jina la mtaani lisitoke kinywani mwenu. Mwiteni baba. Miaka yote hii yeye ndiye anayeuliza hali yenu. Safari hii mwulizeni yake.