Mizani Inayoruka Kilo Moja

Mwalimu,

Mwangaluka. Najua hutaitikia, ila shikamoo naitoa hivyohivyo, usije ukasema Masunga kapoteza adabu tangu tukuzike Kolandoto.

Wamekuita mwizi. Wewe! Uliyenichapa kwa kuiba kipande cha chaki!

Ilikuwa Jumatatu, hapahapa Masumbwe kwenye karasha, tunakosaga mawe ya dhahabu. Bosi wa kikundi kapima viroba vinane kwa mizani yako kuukuu, ileile uliyokuwa ukitupimia, kimoja kimoja. Kila kimoja hamsini na moja. Jumla mia nne na nane. Kisha akavipanga vyote juu yake kwa pamoja: mia nne na moja.

"Kilo saba ziko wapi?" akapaza sauti. "Kumbe Mwalimu alikuwa anatula!"

Watu wakacheka. Na mkeo, Mama Neema, alikuwa palepale na sufuria lake la maharage. Alijifunga kitenge akaondoka bila kuaga. Mwalimu, damu ilinipanda.

Nikasema, shusheni viroba, tunaanza upya.

"Wewe uliyeishia kidato cha pili?"

"Nimeishia, bosi, ila hesabu nilitoka nazo."

Unakumbuka ule ubao uani kwako? Ulisema kuna vitu ukivipima mbalimbali, halafu ukavipima pamoja, majibu hayalingani, ila tofauti haivuki kiasi kilekile, uweke kidogo, uweke kingi. Kipimo cha namna hiyo, ukasema, kina ndugu yake mnyoofu pembeni, kipimo kisichokosea, tena mmoja tu. Ukimtaka, ongeza mzigo mara mbili, mara mbili tena, kila mara ugawanye kwa idadi. Mimi nilikuwa nasinzia. Nisamehe. Nusu sikio lilikuwa macho.

Basi nikapima. Kimoja: hamsini na moja. Viwili pamoja: mia na moja, ukigawa ni hamsini na nusu. Vinne: hamsini na robo. Vinane: hamsini na nusu ya robo.

"Mnaona inakoelekea? Hamsini! Mizani hii ikibebeshwa mzigo inaruka kilo moja, uwe mdogo, uwe mkubwa. Nyie mmeirusha mara nane. Ndiyo maana Mwalimu alipima vyote kwa mpigo, nanyi mkimlalamikia eti anawavunja migongo. Mmejumlisha makosa yenu, mkamkamata marehemu!"

Bosi akaja kuniomba radhi. Nikamwambia radhi si zangu, apeleke kwa Mama Neema, tena kwa miguu. Alikwenda, na wote wakimwona.

Sasa fundi anataka kuinyoosha mizani yako. Aiguse aone! Inabaki hivyohivyo, na atakayekutaja vibaya atabeba viroba vinane peke yake, nami nitasoma namba nikiwa nimekaa.

Siku naacha shule uliniambia, "Masunga, unakosea kila siku, ila kosa lako halikui." Nilinuna wiki nzima, nikidhani umenitukana.

Wabeja, asante sana, Mwalimu. Lala. Bado nakosea ileile kilo moja, nami nakuahidi, haitafika mbili.

Masunga wako