Povu Juu ya Maji ya Mitundu

…lakini siku ile kaburini kwako sikukumalizia, Dada Naomi, kwa sababu Mama aliniita nipande lori na bwana harusi wangu. Nilitaka kukuambia kwamba nampenda Danieli mno! Sasa ni mwezi wa pili tangu anilete huku kwao Mitundu, na kila asubuhi naamka nikitabasamu.

Huku nako kuna mbuga inayojaa maji wakati wa mvua, na vyura wa mitini wapo, wale wale wetu, weupe kama chokaa wanapoota jua. Wanapiga povu na kulitundika tawini juu ya maji, mayai yakiwa ndani. Unakumbuka tulivyongoja viluwiluwi vidondoke, kule Kinyangiri? Ulikuwa ukinifinya: “Usipumue, kanakuja!”

Basi Jumatatu Danieli alikata matawi ya miiba azungushie banda la kuku wangu. Tawi moja lilikuwa na povu; alidhani ni uchafu wa wadudu. Nilipoliona vumbini, limeanza kukauka, nililia. Dada, hata siku ya mazishi yako sikulia.

Mama mkwe akatoka jikoni: “Jamani, mwali amesoma mpaka darasa la kumi, analilia povu!”

Niliona aibu. Nikadhani Danieli naye atacheka. Akaniuliza polepole, “Ndio wale vyura wenu, wewe na shemeji?” Nikaitikia kwa kichwa. Akalibeba tawi kama mtoto mchanga, tukarudi mbugani, akaingia topeni mpaka magotini na kulifunga kwenye mti ulioinamia maji kwa kamba ya gome. Ningewezaje kutompenda?

Siku tatu tulikwenda kulilowesha povu kwa kibuyu, tusijue kama mayai yamekufa. “Nendeni mkawanyweshe wajukuu zangu!” Mama mkwe alitutania. Leo asubuhi alitufuata, eti aone wazimu wetu. Povu likalegea. Kimoja kikadondoka. Cha pili. Halafu vingi, tip, tip, tip, kama mvua inayoanza.

“Kumbe wazima!” akasema, akapiga kigelegele, na kutangaza kwamba mti ule hautaguswa na panga la mtu.

Nililia tena, Dada, mbele yao wawili, na safari hii moyo ukawa mwepesi.

Pumzika, mpenzi wangu. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja Kinyangiri, Danieli akuamkie mwenyewe. Barua hii sitaibandika stempu ya Malkia wa Waingereza. Nitakuletea kwa mkono wangu, nikusomee.

Mdogo wako,
Elineema